Nilivyogeuzwa Mwingereza na jezi ya Msimbazi

Ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu, ya mimi na balaa langu la Jumamosi baa hapa Dublin wakati wa mechi ya raga, mmeshaisikiliza, najua. Hata shangazi yangu wa Mbagala kaisikiliza, na yule simu yake huwa na chaji Ijumaa tu. Kwa hiyo leo hakuna salamu. Naanza na masahihisho.

Sikupanda juu ya meza. Nilipanda juu ya kigoda. Sikumtaja malkia wa mtu yeyote. Nilitaja jina la timu, mtaelewa tukifika. Na sikulia. Baa ile ina moto wa udongo, ule udongo mweusi wanaoukata kwenye vinamasi huku, wanaukausha na kuuchoma kama kuni, na moshi wake ukikuingia machoni unatoka machozi hata kama huna huzuni. Huzuni nilikuwa nayo pia, sibishi.

Aliyerekodi ile sauti ni rafiki yangu. Nasema rafiki kwa maana kwamba tunagawana kodi ya nyumba hapa Dublin. Zaidi ya hapo ni Mwananchi, Yanga damu, na mimi ni Simba, na mkilijua hilo tu, mengine yote ya Jumamosi hayatawashangaza.

(Wewe uliyetuandikia watu wa Simba "makolo ni makolo hata Ulaya", nimekuona. Kaa hapo hapo.)

Chanzo ni mapipa ya taka. Jumatano jioni nimeshuka na mfuko wangu, nikamkuta jirani wa chini, mzee mmoja mwenyeji wa Limerick, kastaafu, anajua raga kama babu yangu alivyojua mihogo. Akaniambia Jumamosi tarehe 1 Februari Ireland inawakaribisha England, mechi ya kwanza ya mashindano ya Mataifa Sita kwa wote wawili, saa kumi na moja kasoro robo jioni. Tiketi hana, ila ana kona yake baa. "Njoo. Mlete na mwenzako. Vaa rangi za timu yako."

Jamani, isomeni tena sentensi ya mwisho. Mimi nimezaliwa Temeke. Ukimwambia mtu wa Temeke avae rangi za timu yake hujamwachia nafasi ya kufikiri.

Ijumaa usiku mzee akagonga mlango. Mkononi ana jezi ya ziada, kaniletea kwa wema wake wote, hajui anachokifanya. Jezi ya kijani, rangi ya Yanga. Kijani kibichi, ina kijani mpaka kwenye kola, na jani la klova kifuani. Nikaiangalia. Nyuma yangu yule mwenzangu keshaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayeona Desemba imekuja mapema. Nikaona picha: mimi, ndani ya kijani, kwenye grupu la familia, saa hiyo hiyo. Nimeishi miaka yangu yote bila hata mswaki wa kijani. Mwaka 2023, tarehe 5 Novemba, tulipopigwa 5-1 na Yanga, nilikula wali bila mchicha wiki nzima. Ndiyo nivae kijani leo, ugenini, kwa hiari?

Nikamjibu kwa adabu: ahsante mzee wangu, jezi yangu ninayo. Akafurahi. Akasema ndivyo inavyotakiwa.

Na hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi kupita kiasi. Ninazo mbili za Mnyama, Simba yetu. Nyekundu ya nyumbani, na nyeupe ya ugenini yenye nyekundu kidogo mabegani na simba kifuani. Nikajiuliza, niko wapi? Niko ugenini. Basi ya ugenini. Nyeupe.

Anayejua raga keshaziba uso. Kwa asiyejua: England wanavaa nyeupe, yenye waridi jekundu kifuani. Bendera yao nyeupe yenye msalaba mwekundu. Na timu yao ya mpira wa miguu ina simba. Watatu. Mwenzangu aliyajua yote hayo, kakaa huku miaka mitano. Nilipomuuliza, "Nimetoka vipi?" akanirekebisha kola, akasema, "Kaka, umependeza." Yeye kavaa ile kijani niliyoikataa. Nilidhani ananichokoza tu. Kumbe alikuwa anajiweka upande salama.

Bahati mbaya ya pili ilikuwa baridi. Ingekuwa joto ningeonekana mlangoni, tungecheka, yangeisha. Ila Februari ya Dublin ina upepo unaoingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo nilifunga koti zipu hadi kidevuni. Nikaingia baa kama mtu wa kawaida kabisa. Watu kama hamsini, wote kijani, wananipa mikono, wananiuliza natoka wapi. Nikisema Tanzania kila wa tatu ana shangazi mtawa aliyewahi kufundisha huko. Nilikaribishwa mimi! Hiyo sehemu haipo kwenye sauti ya dakika nne.

Mzee akaagiza. Mnaoijua Guinness ya chupa hapo nyumbani, hii ya bomba ina ibada yake. Glasi ya painti moja ni mililita 568. Muuzaji anailaza mshazari nyuzi 45, anamimina hadi robo tatu, halafu anaiweka pembeni na kuondoka kana kwamba kaisahau. Mule ndani mapovu ya naitrojeni yanashuka ubavuni mwa glasi na kupanda katikati, bia inaanza na rangi ya chai ya maziwa na kuishia nyeusi. Ikishatulia ndiyo anarudi kuijaza ifike juu, povu lisimame kidogo tu kupita ukingo. Kama dakika mbili hivi. Mimi nilinyoosha mkono ikiwa bado chai ya maziwa. Mama wa kaunta hakusema neno, aliisogeza tu glasi nje ya mkono wangu, kama unavyomsogezea mtoto kisu. Nikajua huku vitu vinasubiriwa.

Na wakati tunasubiri ndipo mzee aliponipa historia. Alianza na 1972: kule kaskazini mwa kisiwa damu inamwagika, Scotland na Wales wakakataa kuja Dublin kucheza. Mwaka uliofuata, 1973, zamu ikawa ya England. Wakaja. Uwanja mzima ukasimama kuwapigia makofi kabla mpira haujapigwa, dakika na dakika, kisha Ireland wakawafunga 18-9. Usiku kwenye chakula nahodha wa England, John Pullin, akasimama akasema kwamba huenda si wazuri sana, ila angalau wamefika. Mzee anasema kwa sentensi hiyo moja aliwasamehe mambo ya miaka mia mbili. Baadaye akapunguza, mia moja.

Halafu 2003, na hapo uso ukabadilika. Mechi ya kuamua ubingwa, Dublin. Timu zinajipanga kwenye zulia jekundu kusalimiwa na Rais Mary McAleese. Martin Johnson, nahodha wa England, mtu kama kabati, akasimama na wachezaji wake upande ambao Ireland huzoea kusimama. Akaambiwa asogee. Akagoma. Ireland nao hawakukubali kushuka upande wa pili, wakasogea mbele zaidi, zulia likaisha, na Rais wa nchi akamalizia kusalimia huku anakanyaga majani. England wakashinda 42-6. "Arobaini na mbili kwa sita nimeshasahau," mzee akasema. "Lile zulia bado."

Miaka 22, mtu anakumbukwa kwa kukosea pa kusimama! Nilicheka sana. Nilicheka kwa sauti. Kumbe Mungu anasikia.

Akamalizia na 2007, tarehe 24 Februari, Croke Park. Huo ni uwanja wa michezo yao ya asili, na kanuni za wenyewe zilikuwa zinakataza raga na soka kuchezewa humo. Mwaka 2005 wakalegeza kwa sababu uwanja wa raga, Lansdowne Road, ulikuwa unakwenda kubomolewa na kujengwa upya. Ni humo humo Croke Park ambamo majeshi ya Mwingereza yalifyatulia risasi watu mechini tarehe 21 Novemba 1920, wakafa 14, mmoja wao mchezaji, Michael Hogan, ambaye jukwaa moja lina jina lake hadi leo. Sasa mwaka 2007 wimbo wa Mwingereza upigwe hapo, nchi nzima imeshika roho. Watu zaidi ya elfu themanini wakanyamaza ukapigwa hadi mwisho, hakuna aliyezomea. Kisha Ireland wakashinda 43-13. "Tuliwaheshimu dakika moja," mzee akasema, "halafu tukawaheshimu tena dakika themanini."

Glasi ikawa tayari.

Nikamwambia mzee, hii yenu tunaijua. Sisi tunaiita utani wa jadi. Mtani anakuja msibani kwako, anakuchekesha, anabeba jeneza, na Jumamosi mnatafutana. Akalipenda hilo neno, akalirudia: utani, utani. Mwenzangu akaniangalia kwa huruma ya ajabu. Nilidhani ni mapenzi.

Mechi ikaanza. Nyimbo tatu, kumbuka: ule wa Mfalme wa Uingereza, halafu Ireland wana mbili wakiwa nyumbani. Timu ya raga ya Ireland ni ya kisiwa kizima, ya Jamhuri pamoja na Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, sasa wimbo wa taifa wa Jamhuri hauwatoshi wote. Mwaka 1995 ukatungwa mwingine wa timu, "Ireland's Call", na wakicheza ugenini ndio huo tu unaopigwa. Sisi kwa Kiswahili chetu Uingereza ni gunia: unatia Mwingereza, Mskoti, mtu wa Wales, na wengine bila kujua wanatumbukiza hadi Mwairishi wa Dublin. Mama yangu bado anawaambia watu wa jumuiya mwanawe yuko Uingereza. Msimruhusu aje aseme hivyo hapa.

England wakatangulia. Baa ikapoa. Mimi jasho linanitoka, maana kile kigoda changu kiko futi tatu kutoka kwenye moto, koti liko kidevuni, na painti moja na nusu iko ndani. Nakumbuka kabisa nikijiambia: likitokea la kutokea, nitavua koti.

Likatokea. Karibu na mapumziko, Jamison Gibson-Park wa Ireland akalaza mpira nyuma ya mstari. Trai. Pointi 5. Baa ikalipuka, mzee akanibusu sikio.

Sasa twendeni taratibu, maana sauti ya dakika nne hapa imeruka, na hapa ndipo penyewe.

Ukishafunga trai unapewa mkwaju wa nyongeza wa pointi 2. Mpira unawekwa kwenye kikalio kidogo cha plastiki, sawia na pale trai ilipolazwa. Mpigaji anarudi nyuma kadiri apendavyo lakini hawezi kujisogezea katikati. Anatakiwa aupitishe juu ya mti wa kati, mita 3 kutoka chini, baina ya nguzo mbili zilizoachana mita 5.6. Kijana Sam Prendergast akauweka. Akarudi nyuma hatua zake. Akasimama.

Na baa ikanyamaza.

Sikusema ilipungua kelele. Ilinyamaza. Watu hamsini, waliokuwa wanapiga mayowe sekunde kumi zilizopita, wakafunga midomo kwa pamoja kama bomba la maji la mtaa wetu. Mama wa kaunta akaacha glasi nusu. Mtu aliyekuwa anatoka chooni akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Nikasikia friji. Nikasikia udongo unavyopasuka motoni.

Mimi nimelelewa Kwa Mkapa, ule uwanja mkubwa wa Dar. Kwa Mkapa, watu 60,000 wakinyamaza ghafla maana yake mmefungwa. Ukimya kwetu ni taarifa ya msiba. Penalti ikipigwa tunapuliza, tunagonga, kuna watu wanamwaga vitu. Kwa hiyo nilichokiona mimi ni jamii nzuri ya watu walionikaribisha, waliokata tamaa wote kwa mpigo, na kijana wao amesimama peke yake kule bila mtu wa kumtia moyo. Moyo ukaniuma. Nikasema: hawa wanahitaji mtu mmoja tu wa kuwasha moto.

Nikaweka glasi chini. Nikashika zipu. Ile zipu ya koti langu ina meno makubwa, na kwenye ukimya ule ilisikika kuanzia kidevuni hadi kitovuni kama mtu anapasua shuka. Vichwa vitatu vikageuka. Nikavua mkono wa kulia. Nikavua wa kushoto. Koti likaanguka. Nikaweka mguu kigodani, nikapanda, nikasimama wima kwenye mwanga wa taa, mweupe pee, mabega mekundu, simba kifuani. Nikanyoosha mikono yote miwili juu. Kwenye televisheni Prendergast ndio anaanza kukimbilia mpira. Na kwa pafu zote alizonipa Mola nikapiga kaulimbiu ya Simba:

"NGUVU MOOOJAAA!"

Mpira ukapita nje.

Naomba mtu wa fizikia anisaidie kuwaelezea watu wale kwamba uwanja uko ng'ambo ya mto Liffey, kilomita kadhaa, na sauti haipiti kwenye televisheni kwa kurudi nyuma. Mimi nilijaribu. Mzee wa Limerick aligeuka polepole, kiti kikalia chote hadi kikamaliza. Nisichokijua ni kwamba huo ukimya ni dini, na makao makuu ya dini hiyo ni uwanja wa raga wa Thomond Park, na Thomond Park iko wapi? Limerick. Kule wanamnyamazia mpigaji hata akiwa wa timu pinzani. Yaani mzee kanyamazia maadui miaka sitini, halafu mgeni aliyemleta mwenyewe kaja kumpigia kelele mtoto wa nyumbani.

Akaniangalia usoni. Akashuka kifuani. Nyeupe. Nyekundu. Simba. Akarudi usoni.

Kutoka kaunta sauti ya mama ikauliza, tena kwa upole, "Nani kamfungulia Mwingereza?"

Baa ikaangua kicheko, na hapo ningeshuka kimya kimya yangekwisha. Ila mimi ni mtu wa ufafanuzi. Nikabaki juu ya kigoda, nikatoa maelezo. Nikasema hii si England, hii ni klabu ya Dar es Salaam, ya mwaka 1936, inaitwa Simba.

"Maana yake nini?"

Nikasema maana yake simba. Yule mnyama.

"Kama wale wa England?"

Nikasema wao wanao watatu, sisi mmoja. Nilidhani idadi itasaidia.

Mzee akauliza swali dogo tu, kwa utaratibu wa hakimu: "Na imeitwa hivyo tangu mwanzo?"

Ndugu zangu wa Msimbazi, mnajua jibu. Ninyi mngedanganya. Mimi nina ugonjwa wa takwimu. Nikasema hapana mzee, jina la Simba ni la mwaka 1971. Kabla ya hapo tuliitwa Sunderland.

Ukimya wa pili. Huu ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza. Mtu mmoja nyuma akatema bia.

"Sunderland," mzee akasema. "Ya England."

Nikasema ndiyo, lakini kabla ya Sunderland tulikuwa Eagles.

"Na kabla ya Eagles?"

Nikaangalia mlango. Mlangoni bado amesimama yule wa chooni. Nikasema kwa sauti ndogo, "Queens."

Na hapo, kwenye kile kicheko cha watu kugonga meza, mwenzangu, ndugu yangu wa kodi ya nyumba, aliyenyamaza nusu saa nzima na simu yake mkononi, akaona ndiyo wakati wa kuchangia. Akainuka na jezi yake ya kijani akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko siku zote: "Waambie pia walianzaje. Walijitoa kwenye timu ya kijani."

Kwa uchungu wote, hakudanganya. Yanga ni 1935, na waliojitoa mwaka uliofuata ndio sisi. Ila kuna mahali pa kusema mambo! Mwanaume kasimama juu ya kigoda mbele ya Waairishi hamsini, keshakiri kwamba mababu zake waliiacha kijani, wakavaa nyekundu na nyeupe, wakajiita Queens. Kwa kisiwa kile hiyo si historia ya mpira. Hiyo ni hati ya mashtaka.

Nikatupa karata ya mwisho. Nikapiga kelele kwamba Mwingereza katutawala na sisi, Tanganyika, uhuru tarehe 9 Desemba 1961! Baa ikatulia kidogo. Mzee akahesabu vidole. Wao Dola Huru ya Ireland ilianza tarehe 6 Desemba 1922. "Mlichelewa," akasema, "miaka thelathini na tisa na siku tatu." Ila alikuwa ameanza kutabasamu, na mama wa kaunta akaniletea maji.

Yaliyofuata nayapitisha mbio. Hukumu ilitolewa wakati wa mapumziko, England 10, Ireland 5. Walinisamehe kwa sheria ya Jack Charlton. Huyu alikuwa Mwingereza halisi, bingwa wa dunia wa 1966 ndani ya jezi ya England, akaja kuifundisha timu ya soka ya Ireland mwaka 1986, na mashindano makubwa yao ya kwanza kabisa, Euro ya 1988, mechi ya kwanza kule Stuttgart, akawafunga England 1-0 kwa kichwa cha Ray Houghton. Wakampenda hadi wakampa uraia wa heshima. Kwa hiyo Mwingereza anasameheka, akibadilika. Sheria haifanyi kazi kinyume chake: jaribu kumtaja Declan Rice, aliyechezea Ireland mechi tatu za kirafiki akahamia England, halafu Septemba 2024 akaja kufunga hapa hapa Dublin. Nilimtaja kujifanya najua. Nikaongezewa adhabu.

Adhabu: raundi kwa kona nzima, painti saba, zilikaribia yuro 45. Kuziba mdomo kwa mkono kila mkwaju. Na jezi nivue.

Ilitundikwa kwenye ndoano karibu na televisheni. Kipindi cha pili Bundee Aki akafunga, 10-10, mkwaju wa nyongeza ukakosa tena, na mimi nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili, mashahidi wapo! Wakasema basi si mdomo, ni jezi, inaitazama skrini. Ikapelekwa koridoni kwenye ndoo ya dekio. Kuanzia hapo Prendergast akapiga penalti ikaingia, Tadhg Beirne trai na nyongeza, Dan Sheehan trai na nyongeza, 27-10. Mnielewe, mimi siamini hayo mambo. Nasema tu yaliyotokea. Halafu England wakarudisha trai mbili za mwishomwisho, ikawa 27-22, watu wanashika vichwa, na ilipotafutwa jezi koridoni haikuwepo. Mwenzangu alikuwa nje, kaivaa juu ya ile kijani yake, anajipiga picha.

Nilisahau kusema: nilipovua sikubaki kifua wazi. Mlishaiona hiyo picha. Ndiyo, ni kijani. Mtu alivua ya kwake akanivalisha, na yule mwenzangu wa Yanga akanipiga nikiwa nimefumba jicho moja. Huku ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenu saa tatu na nusu usiku, muda ambao ukoo mzima uko kitandani na simu mkononi. Binamu aliyeifanya picha ya grupu, nitakukumbuka kwenye mahari.

Jana nikashuka na taka. Mzee yuko pale. Kaniletea jezi, kaifua mwenyewe, kaipiga pasi hadi mikono ina mikunjo kama suti ya harusi. Akaniuliza Sunderland inacheza lini tena, anataka kuja kuangalia kwetu, atakuja na soseji. Nikamwambia Machi 8 tunakutana na watani wetu wa jadi. Akasema siku hiyo Ireland wana Ufaransa hapa Dublin, ila tutapanga, utani hauachwi. Kisha akauliza hao watani wanavaa rangi gani.

Nikasema kijani. Na njano.

Akaishika ile kofia yake ya sufu, ya kijani, akaivuta vizuri masikioni. "Basi mimi niko na hao."